Kalamu ya Mwalimu Pambizoni

Ndugu wengine hudhani kuijenga upya maktaba ya mwanafalsafa ni kuhesabu vitabu vilivyobaki rafuni. Vitabu vya Mwalimu Nyerere viko Butiama, mbali na sisi wa Majengo, Sumbawanga. Lakini tafsiri zake ni maandishi ya pambizoni yaliyokwisha kupigwa chapa. Shakespeare alitaja katika jina la mchezo wake mfanyabiashara mmoja tu. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliutoa kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mtu mmoja kageuka tabaka! Huyo ni msomaji anayehukumu. Julius Caezar ya 1963 nayo aliisahihisha, ikawa Juliasi Kaizari, 1969. Mtafiti na azilinganishe nakala hizo mbili, mstari kwa mstari.