Jinsi skrini zinavyovuruga sukari na mafuta mwilini mwa vijana

KWA miaka mingi kisukari cha aina ya pili kilihesabiwa kuwa maradhi ya wazee na watu wa makamo. Hata leo, kijana wa miaka 25 anayesumbuliwa na kiu isiyokwisha na uchovu huenda akashuku malaria au kazi nyingi kabla ya kufikiria sukari.

Hata hivyo, madaktari katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, huwapokea wagonjwa wa aina hii ambao hawajatimiza miaka 40. Sababu ni nyingi: urithi, ulaji, unene, tumbaku, pombe na ukosefu wa mazoezi. Mojawapo ambayo imechunguzwa sana tangu mwanzoni mwa karne hii ni muda ambao mtu huutumia mbele ya skrini, iwe ya runinga, ya tarakilishi au ya rununu.

Ni vyema kutanguliza jambo moja. Skrini si sumu. Kinachodhuru ni mambo matatu yanayoandamana nayo: kukaa kitako kwa muda mrefu, kula bila kujitambua na kukosa usingizi. Anayeyafahamu hayo matatu atatambua pia kwamba kinga yake haihitaji fedha nyingi.

Umetaboli ni nini?

Umetaboli ni jumla ya shughuli za kikemikali ambazo kwazo mwili hugeuza chakula kuwa nguvu, hujiwekea akiba na kujikarabati. Mtu anapokula ugali, chapati au wali, wanga huvunjwavunjwa kuwa glukosi, yaani sukari inayoingia katika damu.

Hapo kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Kazi yake ni kama ya ufunguo: huifungulia sukari milango ya seli ili itumike au ihifadhiwe. Misuli ni miongoni mwa ghala kubwa zaidi za kupokea sukari hiyo.

Matatizo huanza seli zinapokuwa sugu kwa insulini. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kufanya kazi ile ile. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka kadhaa bila dalili yoyote, mpaka kongosho lishindwe na sukari ipande katika damu.

Mnamo 1988, Gerald Reaven, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alieleza kwamba usugu huo huandamana na shinikizo la damu na mafuta mabaya katika damu. Mwaka wa 2009 mashirika kadhaa ya kimataifa yalikubaliana juu ya vigezo vitano vya kuitambua hali hiyo. Mwenye vitatu kati ya hivyo huhesabiwa kuwa umetaboli wake umevurugika:

- Kiuno kipana. Kwa Waafrika wa Kusini mwa Sahara hutumiwa kipimo cha sentimita 94 au zaidi kwa wanaume na 80 au zaidi kwa wanawake.
- Mafuta aina ya trigliseridi yanayofikia milimoli 1.7 kwa lita moja ya damu.
- Kolesteroli nzuri iliyo chini ya milimoli 1.0 kwa wanaume na 1.3 kwa wanawake.
- Shinikizo la damu linalofikia 130 kwa kipimo cha juu au 85 kwa kipimo cha chini.
- Sukari inayofikia milimoli 5.6 kwa lita kabla ya kula chochote asubuhi.

Ifahamike kwamba kati ya hivyo vitano, ni kimoja tu kinachoonekana kwa macho. Kijana mwembamba anaweza kuwa na vitatu kati ya vinne vilivyosalia bila kujua.

Dereva na utingo

Wazo kwamba kuketi kunaudhuru mwili ni kongwe kuliko rununu. Mnamo 1953, daktari Jeremy Morris wa Uingereza na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London.

Madereva na makondakta hao walifanya kazi katika mabasi yale yale. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba dereva aliketi karibu zamu nzima, ilhali kondakta, yaani utingo kwa lugha ya stendi zetu, alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Ilibainika kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa nadra kuliko madereva.

Morris hakukimbilia hukumu. Mnamo 1956 alionyesha, kwa kutumia vipimo vya sare za kazi, kwamba madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta hata katika umri wa ujana. Huenda basi sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na miili waliyokuja nayo kazini. Tahadhari hiyo ingali inafaa leo: watu wanaotazama runinga sana wanaweza kuwa na tabia nyingine zinazowadhuru, na si kila tofauti itokanayo na takwimu huwa imesababishwa na skrini.

Pamoja na hayo, ushahidi umezidi kurundikana. Mwaka wa 2003, Frank Hu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya kuwafuatilia makumi ya maelfu ya wauguzi wa kike wa Marekani kwa miaka sita. Kila saa mbili za ziada za kutazama runinga kwa siku ziliandamana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa kunenepa kupindukia, na asilimia 14 la uwezekano wa kupata kisukari.

Utafiti unaowahusu vijana moja kwa moja ulitoka New Zealand mwaka wa 2004. Huko, watu wapatao 1,000 waliozaliwa mjini Dunedin mnamo 1972 na 1973 walifuatiliwa tangu utotoni. Waliotazama runinga zaidi wakiwa kati ya miaka 5 na 15 walikuwa, walipofika miaka 26, na uzito mkubwa zaidi, kolesteroli ya juu zaidi na mapafu na moyo visivyostahimili mazoezi vyema. Mazoea ya utotoni yalikuwa yamewafuata ukubwani.

Misuli inapolala

Kwa nini kuketi kudhuru? Misuli ya miguu na mapaja ndiyo mikubwa zaidi mwilini. Inapofanya kazi, hata kwa kutembea polepole tu, huweza kuvuta sukari kutoka kwa damu bila kuisubiri insulini. Mtu anapoketi, misuli hiyo hulala, na kazi yote huachiwa kongosho.

Jambo hili lilidhihirishwa na David Dunstan na wenzake mjini Melbourne, Australia, mwaka wa 2012. Waliwakusanya watu 19 wenye uzito uliopita kiasi, wakawapa kinywaji chenye sukari na mafuta, kisha wakawaketisha kwa saa tano. Siku nyingine, watu hao hao waliinuka na kutembea kwa dakika 2 tu kila baada ya dakika 20. Siku ya kutembea polepole, ongezeko la sukari katika damu lilipungua kwa takriban asilimia 24, na la insulini kwa asilimia 23.

Waliochunguzwa walikuwa wa umri wa makamo, lakini misuli ya kijana hufanya kazi kwa kanuni ile ile. Somo lake ni kwamba kukatiza kuketi kuna manufaa yake hata kabla hujafikiria kukimbia au kwenda ukumbi wa mazoezi.

Chakula na usingizi

Jambo la pili ni chakula. Mtu anayekula huku akitazama filamu hasikilizi ishara za tumbo lake. Majaribio mengi yameonyesha kwamba anayekula huku akili yake iko kwingine hula zaidi, si wakati huo tu bali pia katika mlo unaofuata. Isitoshe, skrini humletea matangazo ya soda, chipsi na kuku wa kukaanga, na siku hizi rununu hiyo hiyo humwezesha kuagiza vyakula hivyo bila kunyanyuka kitini.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulipuuza, ni usingizi. Mwaka wa 1999, Karine Spiegel, Eve Van Cauter na mwenzao katika Chuo Kikuu cha Chicago waliwachunguza wanaume vijana 11 wenye afya njema. Kwa usiku sita mfululizo waliruhusiwa kulala kwa saa nne pekee. Uwezo wa miili yao kuiondoa sukari katika damu ulipungua kwa karibu asilimia 40, ukilinganishwa na walipolipa deni lao la usingizi.

Mnamo 2004 watafiti hao waligundua kwamba usiku miwili tu ya kulala kwa saa nne ilipunguza homoni ya shibe, leptini, kwa asilimia 18, na kuongeza homoni ya njaa, grelini, kwa asilimia 28. Vijana hao walitamani zaidi vitu vitamu, vyenye chumvi na vya wanga. Kwa hivyo anayejipata akitafuta mandazi usiku wa manane asijilaumu kwa ulafi pekee. Mwili uliochoka ndio unaomtuma.

Mwangaza wa skrini nao huchangia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2015, watu 12 walisoma vitabu kwenye skrini kwa saa nne kabla ya kulala, kisha wakati mwingine wakasoma vitabu vya karatasi. Walipotumia skrini, homoni ya melatonini, ambayo huutayarisha mwili kwa usingizi, ilichelewa kwa takriban saa moja na nusu.

Hali ya Kenya

Mazingira yetu yana mitego yake. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya huanza saa nne au saa tano usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kuna pia vijana wanaochuma riziki kwa kazi za mtandaoni kutoka kwa wateja wa Marekani, na kwa kuwa Nairobi iko mbele ya New York kwa saa saba au nane, mchana wa mteja huwa usiku wa mfanyakazi. Vijana hawa hawawezi kuambiwa waachane na skrini, kwani ndiyo shamba lao.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu Wakenya wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba takriban asilimia 27 walikuwa na uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia, wanawake wakiwazidi wanaume kwa zaidi ya mara mbili. Wengi mno hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Mwaka wa 2012 watafiti waliowalinganisha vijana wabalehe wa jamii ya Wakalenjin waligundua kwamba wale wa mashambani walitembea na kujishughulisha zaidi, waliketi kwa muda mfupi zaidi na walikuwa na miili myepesi kuliko wenzao wa mjini. Tofauti hiyo ilitokea miongoni mwa watu wa asili moja. Hii ni ithibati kwamba sifa ya kuzaliwa katika jamii ya wakimbiaji haimkingi mtu dhidi ya kiti.

Hatua za kuchukua

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2020 unawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na wapunguze muda wa kuketi. Haukuweka idadi maalumu ya saa za skrini. Isitoshe, skrini zote hazilingani. Ushahidi dhidi ya runinga ni thabiti kuliko ule unaohusu tarakilishi za kazini.

Uchanganuzi wa mwaka wa 2016 uliohusisha watu zaidi ya milioni moja ulibaini kwamba dakika 60 hadi 75 za mazoezi ya wastani kila siku zilionekana kufuta hatari ya kifo cha mapema iliyotokana na kuketi kwa zaidi ya saa nane. Hata hivyo, kwa waliotazama runinga kwa saa tano au zaidi, hatari hiyo ilipungua tu, haikutoweka.

Kwa kijana ambaye kazi yake ni ya skrini, hatua hizi zinafaa:

- Inuka kila baada ya nusu saa, japo kwa dakika mbili. Pokea simu ukiwa umesimama au ukitembea.
- Shuka kituo kimoja kabla ya kufika uendako, umalizie safari kwa miguu.
- Kula mezani, rununu ikiwa kando, na badala ya soda unywe maji.
- Zima skrini za burudani angalau saa moja kabla ya kulala. Ikiwa kazi ni ya usiku, tenga saa saba za kulala mchana katika chumba chenye giza, na uzilinde kama unavyoulinda mshahara.
- Pima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, kisha upimwe shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya, hasa ikiwa mzazi au ndugu ana kisukari.

Mwenye kiu ya kila mara, anayekojoa mara nyingi, anayekonda bila sababu, anayeona ukungu au mwenye vidonda visivyopona asingoje. Amwone daktari mara moja. Sukari inayofikia milimoli 7.0 kwa lita kabla ya kula, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maradhi haya ufa hufunguka kimyakimya, mtu akiwa angali na nguvu za ujana, na ni wakati huo ambapo kuuziba ni rahisi. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu macho, figo, neva na mishipa ya damu, na gharama ya kusafishwa damu kwa figo zilizokufa haiwezi kulinganishwa na ya utepe wa fundi cherehani.