Sheria na Kiwanda cha Mafuta

Msomaji, ukisimama kando ya barabara pale Ganda, karibu na Malindi, ukaona lori la mafuta likipita, huenda ukadhani petroli iliyomo ni kazi ya mafundi peke yao. Sivyo. Nyuma ya fundi yupo mtunga sheria, naye aweza kuuamsha ufundi au kuulaza. Ushahidi hauko mbali: uko Changamwe, Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Malindi. Hapo kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1963, na mwaka 1971 serikali ikatwaa nusu ya hisa zake.

Itazame kwanza sheria iliyoamsha. Tangu miaka ya 1920 petroli ilitiwa madini ya risasi ili injini isigonge. Risasi ni sumu, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Njia nyingine za kuifanya petroli kuwa bora zilijulikana, lakini risasi ilikuwa rahisi, na kilicho rahisi hakiachwi kwa hiari. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria kali juu ya moshi wa magari. Watengenezaji wakabuni kifaa cha kuusafisha moshi huo. Kwa kuwa risasi hukiharibu kifaa hicho, wasafishaji nao wakalazimika kutoa petroli isiyo na risasi. Mwaka 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikaazimia kuiacha risasi. Mwanzoni mwa 2006 azimio likatimia, Kenya ikiwamo.

Sasa itazame sheria iliyolaza. Mwaka 1994 Kenya iliifungua biashara ya mafuta, lakini kampuni zilitakiwa bado kusafishia sehemu ya mafuta yao Changamwe. Nia ilikuwa njema, maana kiwanda kilikuwa mali ya taifa na riziki ya watu wengi. Lakini muuzaji ambaye mteja wake hana ruhusa ya kwenda kwingine hana haraka ya kutengeneza duka lake. Kiwanda hakikuwa na mtambo wa kuvunja mafuta mazito yawe petroli na dizeli, nao haukujengwa. Mwaka 2009 kampuni ya Essar ilinunua nusu ya kiwanda, na mipango ya kukifanya upya ikaandikwa; gharama ikaonekana kubwa mno kuliko faida. Mwaka 2013 usafishaji ulikoma, na tangu hapo Kenya hununua ng'ambo mafuta yaliyokwisha safishwa.

Haifai kusema kwamba sheria peke yake ndiyo iliyokiua kiwanda. Viwanda vikubwa vya Asia navyo vilisafisha kwa gharama ndogo. Lakini pima tofauti. Sheria ya kwanza ilitaja lengo, ikataja na siku. Ya pili ilitoa kinga bila kudai kitu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na kiwanda ni vivyo hivyo.

Mwaka 2012 mafuta yaligunduliwa Turkana. Ni mazito kama nta, hayatiririki mpaka yapashwe moto, nayo yatadai ufundi mpya. Huenda wewe usomaye leo utakuwa fundi wake, au mbunge wake. Ukiwa mbunge, kabla hujatoa kinga, uliza itadai nini, na itakoma lini.