Pupu ya papa: historia ya bunduki ya kushindilia hapa kwetu



Mkutano wetu uliopita hapa Likasi ulianza na mambo ya kawaida: kuhesabu likelemba, kuandika majina ya wale wanaotaka kurudi upande wa Mitwaba mbele ya mvua, kusoma barua. Barua moja ilitoka kwa mfadhili wetu wa Ulaya. Aliandika kwamba kila Jumamosi anaenda kwenye klabu yake kulenga shabaha kwa bastola ya zamani, ile ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, na kwamba wenzake wa klabu wamechanga kidogo juu ya mbegu zetu. Watu walicheka. Kiisha papa mmoja, wa miaka karibu 70, akasema pole pole: "Hiyo haiko kitu cha zamani. Hiyo ni pupu. Miye niko nayo mu nyumba."

Hakuna aliyecheka tena. Papa alieleza kwamba bunduki ile ilikuwa ya babu yake. Ilileta nyama nyumbani na kufukuza ngulube wa pori kwenye shamba. Wakati wa vita aliificha, akakimbia, akarudi kuichukua. Sasa jina lake liko kwenye liste ya kurudi, na anauliza: niibebe, niitoe ao niizike? Mama mmoja akamjibu mbele ya wote: "Papa, tunakuheshimu. Lakini kama pupu inapanda kamyo, siye tunashuka."

Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwomba papa atupe muda, na tukaanza kutafuta historia ya chombo hiki, juu ya ni vigumu kuamua juu ya kitu usichojua kilitoka wapi.

Bunduki ya namna hii haina ganda la risasi. Mtu anamimina baruti nyeusi kwa mdomo wa mtutu, anatia goroli, anashindilia kwa mdeki. Ile ya zamani zaidi, gumegume, inawashwa na cheche ya jiwe. Iliyofuata inawashwa na fataki. Inalia mara moja, moshi mwingi mweupe unatoka, kiisha unaanza upya. Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu tu: shura, makaa na kiberiti cha mawe. Hata bastola ya klabu ya Ulaya inafanya kazi vile vile. Tofauti ni kwamba ile inatoka kwa fundi mwenye vipimo, na pupu nyingi za kwetu mtutu wake ni bomba tu ambalo halikufanywa juu ya kazi ile. Ndiyo maana pupu inaweza kupasuka na kuumiza mkono ao uso wa mwenyewe.

Kwetu Katanga, historia ya bunduki hizi haiwezi kuelezwa bila Bunkeya, kaskazini-mashariki ya Likasi, kwenye uwanda wa Lufira. Msiri alitoka kwa Wasumbwa, katika nchi inayoitwa leo Tanzania. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Watu wake waliitwa Bayeke, jina la wawindaji wa tembo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alijenga dola iliyoitwa Garenganze, na nguvu yake ilisimama juu ya bunduki za kushindilia na baruti. Shaba, pembe za ndovu na, tuseme ukweli, watumwa walitoka. Bunduki na baruti ziliingia. Nyingi zilitoka magharibi, kwa njia ya Bihé na Benguela, na nyingine mashariki, kwa wafanyabiashara wa pwani ya Waswahili. Wazee wanaosifu ukubwa wa Msiri wanasema kweli. Hata wale ambao babu zao waliuzwa kwa kubadilishwa na baruti wanasema kweli.

Lakini dola inayosimama juu ya baruti inalegea baruti ikikosa. Mwaka 1891 Wasanga walikuwa wameasi, njia za biashara zilikatwa, na Bunkeya ilianza kukosa. Wakati ule ule, Desemba 14, ikafika misafara ya Kapiteni William Stairs, aliyetumwa kwa ajili ya Mfalme Léopold II. Wapagazi na askari wake wengi walitoka Zanzibar, na bunduki zao zilikuwa za kisasa, za kupakia kwa nyuma. Desemba 20, 1891, Kapiteni Omer Bodson, Mbelgiji, alimpiga Msiri risasi kwa bastola na kumuua. Bodson naye alipigwa pale pale, akafa. Siku ile watu wenye bunduki za kushindilia walikutana na watu wenye bunduki za ganda, na Katanga ikaingia mikononi mwa Léopold.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Mwaka mmoja mbele ya kifo cha Msiri, Julai 2, 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake waliandika pia sheria ya silaha. Katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zilikatazwa kuingia isipokuwa kwa ruhusa maalum. Lakini mlango uliachwa wazi kwa bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Likasi iko karibu na nyuzi 11 kusini, katikati kabisa ya eneo lile.

Maana yake ni nini? Mtu mweusi wa kawaida aliachiwa silaha ya zamani tu, ile ambayo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameishaacha. Kwa hiyo tukisema pupu ni "mila ya babu", tukumbuke kwamba hata wakubwa waliokaa Brussels walichangia kuichagua mila ile.

Mji wetu wenyewe unajua harufu ya baruti. Uliitwa Jadotville toka 1931 mpaka 1966, na Septemba 1961 askari wa Irlande wa Umoja wa Mataifa walizungukwa hapa wakapigana siku kadhaa mpaka wakajitoa. Na kiwanda cha serikali cha vilipukaji, Afridex, kiko hapa hapa Likasi. Mji unaoishi kwa migodi unaishi na vilipukaji; hilo si siri kwa mutoto yeyote wa Shituru ao Panda.

Kiisha ikaja vita ya 1998. Kaskazini ya Katanga, vijana wengi waliingia Mayi-Mayi na mishale, mikuki na pupu za baba zao, mbele ya kupata kalashnikov. Mitwaba, Manono na Pweto zikaitwa "pembetatu ya kifo". Wengi wanaosoma gazeti hili walitembea njia ile kwa miguu. Mei 2006, Gédéon Kyungu Mutanga alijitoa Mitwaba. Katika miaka ile kulikuwa pia programu ya PAREC: mtu analeta silaha, anapewa kinga. Wengi walicheka, lakini kinga inabeba mihogo, inapeleka mgonjwa kwa daktari. Mwenye kubadilisha alirudi nyumbani na kitu cha kazi.

Tuseme sasa neno kwa mfadhili wetu. Hatuoni ubaya katika mchezo wake. Tumesoma kwamba katika mashindano ya kimataifa mpigaji wa bastola ya kushindilia anapewa dakika 30 kwa mapigo 13, na yale 10 bora ndiyo yanahesabiwa. Ni mchezo wa uvumilivu: kupima, kushindilia, kutulia, kulenga karatasi. Tunafurahi kwamba kuna mahali ambapo chombo hiki kinalenga karatasi tu. Lakini ajue kwamba mlio ule ule, usiku, karibu na Mitwaba, unafanya mama abebe watoto na kukimbia bila kuuliza.

Baada ya kuyasoma haya yote pamoja, mkutano uliamua mambo matatu. Moja, hakuna silaha itakayopanda kamyo ya chama, hata ikiwa ya babu. Mbili, mwenye pupu asiizike wala asiiuze, juu ya yenye kuzikwa inafukuliwa na mutoto. Sheria ya Septemba 3, 1985 juu ya silaha inadai ruhusa. Sisi tutamsindikiza mtu kwa mkubwa wa kartie na kwa polisi, asiende peke yake akiogopa. Tatu, tusimnyang'anye mtu chombo cha shamba bila kumpa kingine. Ngulube wa pori hajui historia. Kwa hiyo tunaomba wafadhili wasaidie, pamoja na mbegu, waya za kuzungushia mashamba na mbuzi wa kuanzia, ili nyama isitafutwe tena kwa baruti.

Papa alikubali tumsindikize. Aliomba jambo moja tu: habari ya bunduki ya babu yake iandikwe mahali, ili wajukuu wasifikiri ilikuwa ya kuua watu. Tumeiandika hapa. Na mama aliyesema atashuka kwenye kamyo, jina lake na la papa sasa yako kwenye liste moja, safari moja.