Johnny Oduya: Msee wa Jina la Kikenya Aliyebeba Kombe la Stanley Mara Mbili

Ukiwa Embu, barafu unayoijua ni mbili. Kuna ile ya kuweka ndani ya soda, na kuna ile ya juu ya Kirinyaga, ambayo ukiamka mapema kabla mawingu hayajafunga unaiona vizuri, na ambayo kila mwaka inazidi kupungua. Hakuna mtu wa huku amewahi kuiangalia akasema, "Hapa tutapiga mechi."

Sasa cheki hii. Kombe kubwa zaidi la klabu kwenye hoki ya barafu duniani lina jina la Kikenya limechongwa juu yake, na si mara moja, ni mara mbili. Jina ni Oduya. Kama hujawahi kumsikia, tulia nikupe stori yote.

KWA UFUPI

- Jina: Johnny Oduya
- Kuzaliwa: 1 Oktoba 1981, Stockholm, Sweden
- Wazazi: baba Mkenya, mama Mswidi
- Nafasi uwanjani: beki
- Timu za NHL: New Jersey Devils, Atlanta Thrashers (baadaye Winnipeg Jets), Chicago Blackhawks, Dallas Stars, Ottawa Senators, Philadelphia Flyers
- Makombe: Stanley Cup 2013 na 2015
- Olimpiki: medali ya fedha na Sweden, Sochi 2014

Kwanza elewa mchezo wenyewe

Hoki ya barafu si ile ya nyasi uliyocheza shule. Uwanja wa NHL, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, una urefu wa mita 61 na upana wa mita 26, na wote ni barafu. Kila timu ina wasee sita ndani: kipa mmoja, mabeki wawili na mafowadi watatu. Mpira wenyewe si mpira, ni kidude bapa cha raba ngumu kinaitwa paki, uzito kama gramu 170. Kikikupata kwa meno, umeyapoteza.

Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Lakini hakuna mtu anacheza dakika zote kama kwa boli. Unaingia, unakimbia kama umefukuzwa na mbwa kwa sekunde 45 hivi, unatoka, mwingine anaingia. Hivyo mpaka mwisho.

Mafowadi ndio wanafunga mabao na kuandikwa magazetini. Oduya hakuwa wa hiyo form. Yeye kazi yake ilikuwa kuzima mafowadi wa watu, kulala mbele ya paki ikipigwa, kisha kuitoa nyuma haraka. Ni kazi ya kuumia, na ukiifanya vizuri hakuna mtu anakuona.

Namba 221

NHL ina siku moja kila mwaka ambapo timu zinachagua vijana kwa zamu. Mwaka wa 2001, Johnny alichaguliwa na Washington Capitals akiwa namba 221. Yaani vijana 220 waliitwa kabla yake. Alikuwa ametoka kucheza msimu mmoja kwenye ligi ya vijana huko Quebec, Kanada.

Na Washington hawakuwahi kumchezesha hata mechi moja. Akarudi Sweden, akaanza chini na Hammarby kwenye ligi ya daraja la pili. Kutoka hapo akapanda hadi Djurgården, halafu Frölunda. Miaka mitano ikapita hivyo. Wasee wengi wa namba 221 huwa wanaishia hapo, wanatafuta kazi ingine.

Mwaka wa 2006, New Jersey Devils wakamsaini. Msimu ulipoanza Oktoba, alikuwa amefikisha miaka 25. Kwa mchezo ambao mastaa huingia ligi kubwa wakiwa na miaka 18 au 19, huyo ni mzee. Lakini aliingia na akabaki. Alipoacha, alikuwa amecheza zaidi ya mechi 800 za NHL.

Kuuzwa, kuhamishwa na kufiwa

Februari 2010, Devils walimtaka staa mmoja Mrusi, Ilya Kovalchuk, aliyekuwa Atlanta. Ili wampate, walitoa wachezaji watatu na nafasi ya kuchagua kijana. Oduya alikuwa mmoja wa hao watatu. Huulizwi. Unapigiwa simu, unapanga nguo, unahama mji.

Atlanta nayo haikudumu. Mwaka wa 2011 klabu nzima iliuzwa ikahamishiwa Winnipeg, Kanada, na yeye akaenda nayo.

Mwaka huo huo likaja pigo kubwa zaidi. Kaka yake, Fredrik Oduya, alifariki kwa ajali ya pikipiki Marekani. Fredrik ndiye alikuwa mkubwa, na yeye pia alikuwa mchezaji wa hoki. San Jose Sharks walimchagua mwaka wa 1993 na akacheza ligi za chini Marekani, lakini mlango wa NHL haukuwahi kumfungukia. Mdogo ndiye aliyepita. Kama uko na ndugu mkubwa aliyekufunza mchezo kisha ukampita, unajua hiyo ni furaha yenye uzito.

Miezi michache baadaye, Februari 2012, Johnny akahamishwa tena. Safari hii bahati ilimwangukia: Chicago Blackhawks.

Sekunde 17 za Boston

Chicago ya 2013 ilikuwa noma. Walianza msimu kwa mechi 24 bila kupoteza hata moja ndani ya dakika 60. Fainali wakakutana na Boston Bruins. Fainali ya NHL haichezwi mechi moja. Wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa.

Usiku wa 24 Juni 2013, mechi ya sita, wakiwa ugenini. Chicago walikuwa mbele kwa mechi tatu dhidi ya mbili, lakini usiku huo walikuwa wanapoteza 2-1 na dakika moja na kitu tu imebaki. Bryan Bickell akasawazisha. Mafans wa Boston hata hawajakaa chini, paki ikamfikia Oduya nyuma. Akaipiga. Mwenzake Michael Frolik akaigusa njiani, ikagonga mwamba, ikamwangukia Dave Bolland. Bao. Kati ya bao la kusawazisha na la ushindi zilipita sekunde 17.

Bolland ndiye aliyeandikwa kama mfungaji. Lakini mkwaju ulianzia kwa gongo la Oduya.

Miaka miwili baadaye, 15 Juni 2015, wakachukua tena, wakiwa nyumbani, kwa kuwapiga Tampa Bay Lightning 2-0 kwenye mechi ya sita. Kombe lina kilo kama 15 na kila mchezaji bingwa hupewa siku yake ya kukaa nalo. Jina lake lipo hapo, la 2013 na la 2015.

Chapaa

Baada ya kombe la pili, Dallas Stars walimpa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 7.5. Kwa wakati huo dola ilikuwa karibu Ksh 100, kwa hivyo piga hesabu: kama Ksh milioni 750. Alirudi Chicago kwa muda mfupi 2017, akaenda Ottawa, akamalizia Philadelphia 2018.

Na sisi je?

Hapa tuambiane ukweli. Kenya ilitoa jina. Sweden ilitoa barafu, makocha, na ligi ya daraja la pili ya kumshikilia miaka ile NHL haikumtaka. Hiyo ya mwisho ndiyo tunakosa kwa karibu kila mchezo. Kipaji cha Embu kikikosa nafasi akiwa na miaka 19, hakuna Hammarby ya kumpokea.

Lakini si kwamba hakuna kitu. Nairobi, Mombasa Road, hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka wa 2005. Ni mdogo kuliko wa NHL, lakini hapo ndipo timu ya Kenya Ice Lions ilizaliwa. Mwaka wa 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mafowadi wawili wakali sana duniani. Mwaka wa 2024, Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu.

Kutoka stage ya Embu, mathree inakufikisha Nairobi kwa saa mbili na kitu kama Thika Road haijafunga. Ukitaka kumpeleka mtoto ajaribu, piga simu kwanza uulize kama uwanja uko wazi siku hiyo, na mbebee soksi nzito na sweta. Ataanguka sana siku ya kwanza.

Na akikuuliza kama kuna mtu mwenye jina la huku aliwahi kufika juu kabisa, sasa unajua la kumwambia.