Nani aanze, nani akae benchi: kwa nini tunabishana kuhusu kikosi, na kelele zetu zinamfanya nini mchezaji

Kila Jumatatu baada ya mechi za wikiendi, simu za kipindi chetu cha michezo hazipumziki. Mvuvi anapiga kutoka Liuli akiwa bado anaanua nyavu, dereva wa bodaboda anapiga kutoka Mbinga mjini, mama muuza usipa anapiga kutoka hapa hapa Mbamba Bay. Wote wana swali moja: kwa nini kocha kampanga fulani na kumwacha fulani? Na mara nyingi linafuata la pili: yule kijana mbona siku hizi hajiamini?

Maswali hayo mawili yanakwenda pamoja kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika makala haya tunaeleza nani hasa anachagua kikosi, kujiamini kwa mchezaji kunatoka wapi, na tunajifunza nini kutoka katika visa viwili vya Taifa Stars ambavyo mashabiki wengi wanavikumbuka. Mwishoni tunarudi kwenye viwanja vyetu vya kijijini, ambako kelele za shabiki zinasikika hadi katikati ya uwanja.

Nani anachagua kikosi?

Kwa timu ya taifa, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF, linaajiri kocha mkuu. Kocha ndiye anayetaja majina ya wachezaji wa kuingia kambini. Kutoka hapo anapunguza hadi kufikia idadi inayoruhusiwa na mashindano. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2019, kila nchi iliruhusiwa wachezaji 23. Siku ya mechi wanaanza 11, wengine wanakaa benchi.

Yapo mashindano yenye masharti ya ziada. CHAN, kwa mfano, ni ya wachezaji wanaocheza ligi ya nchi yao tu. Ndiyo maana Mbwana Samatta, aliyekuwa akicheza Ulaya, hakuweza kuitwa huko hata kama kocha angemtaka. Shabiki anayeuliza "Samatta yuko wapi?" katika mechi ya CHAN anamlaumu kocha kwa jambo ambalo si uamuzi wake.

Kocha anaona mambo ambayo sisi hatuyaoni: nani ana maumivu ya goti, nani hakulala, nani kachelewa kambini, nani mazoezini anakimbia na nani anatembea. Sisi tunaona dakika 90. Lakini shabiki naye ana kitu: amemwona mchezaji huyo kwa miaka, na hana hofu ya kusema.

Kisa cha kwanza: wachezaji wa Simba walioachwa mwaka 2018

Agosti 2018, Taifa Stars ilikuwa na kocha mpya, Emmanuel Amunike, Mnigeria aliyekuwa Mchezaji Bora wa Afrika mwaka 1994. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Uganda mjini Kampala, kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika. Kabla ya safari, aliwaondoa kikosini wachezaji sita wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini: Shomari Kapombe, Erasto Nyoni, Jonas Mkude, John Bocco, Shiza Kichuya na Hassan Dilunga. Feisal Salum wa Yanga naye aliondolewa.

Nchi nzima iligawanyika. Wapo waliosema kocha ni mtu wa nidhamu na hatimaye tumepata wa kutunyoosha. Wapo waliosema anaua timu kwa ubishi wake, na kwamba kosa dogo halifai adhabu kubwa. Na kwa kuwa sita walikuwa wa Simba, utani wa jadi uliingia: Yanga wakacheka, Simba wakanuna, na hoja ya mpira ikapotea katikati.

Septemba 8, Stars ilitoka sare ya 0-0 na Uganda ugenini. Waliomtetea kocha wakasema, mmeona? Oktoba 12 tukafungwa 3-0 na Cape Verde kwao. Waliompinga nao wakasema, mmeona? Siku nne baadaye tukawafunga Cape Verde 2-0 Dar es Salaam. Novemba tukafungwa 1-0 na Lesotho ugenini, na matumaini yakawa kama kibatari kinachoishiwa mafuta.

Kisha ikaja Machi 24, 2019, Dar es Salaam. Stars ikaifunga Uganda 3-0 na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, baada ya miaka 39. Simon Msuva alifunga la kwanza, Aggrey Morris la tatu. La pili lilikuwa penalti, na aliyeipiga ni Erasto Nyoni, mmoja wa wale sita walioachwa Agosti.

Hapo kuna jambo la kutazama. Kocha alimwadhibu mchezaji lakini hakumfungia mlango. Mchezaji alirudi, na siku ambayo nchi nzima ilikuwa imeshika roho mkononi, yeye ndiye aliyesogea kwenye mpira. Anayeachwa kwa sababu inayojulikana, tena anajua njia ya kurudi, anaweza kuendelea kujiamini. Anayeachwa bila kuambiwa neno anabaki akijiuliza kama bado ni mchezaji.

Hatusemi Amunike alikuwa sahihi kwa kila kitu. Kule Misri Stars ilifungwa mechi zote tatu: 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya, 3-0 na Algeria. Dhidi ya Kenya tuliongoza mara mbili, kwa mabao ya Msuva na Samatta, kisha tukapoteza. Julai 2019 kocha na TFF wakaachana.

Kisa cha pili: Juma Kaseja

Hakuna jina lililobishaniwa kwa muda mrefu kama la kipa Juma Kaseja. Mwaka 2003 alikuwa kijana langoni mwa Simba walipowatoa Zamalek ya Misri, mabingwa wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo. Baada ya hapo wengi waliona nafasi ya kipa wa taifa ni yake bila mjadala.

Lakini kocha Mbrazili Marcio Maximo, aliyeinoa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, alimwacha nje kwa muda mrefu na kuwatumia makipa wengine, akiwamo Ivo Mapunda. Mjadala wa "kwa nini si Kaseja?" ukawa wa kila kijiwe. Maximo hakubadilika. Na haikuwa kwamba timu yake ilikuwa mbovu: ndiye aliyeipeleka Stars kwenye CHAN ya kwanza kabisa, mwaka 2009 nchini Ivory Coast.

Maximo alipoondoka, Kaseja alirudi. Machi 2013 alikuwa langoni Stars ilipoifunga Morocco 3-1 Dar es Salaam. Baadaye tena akaonekana amekwisha. Akapitia Mbeya City, Kagera Sugar na KMC, na wengi wakamhesabu kama mzee wa kumalizia siku zake.

Mwaka 2019, akiwa na miaka 34, aliitwa tena chini ya kocha Etienne Ndayiragije. Agosti, mjini Nairobi, mechi ya kufuzu CHAN dhidi ya Kenya iliishia kwenye penalti, na Stars ikashinda 4-1. Mwezi uliofuata, kufuzu Kombe la Dunia, Stars na Burundi walitoka sare ya 1-1 kwao na 1-1 kwetu. Penalti zikaisha 3-0: Burundi hawakupata hata moja. Langoni alikuwa Kaseja.

Mtu aliyezomewa, akaachwa, akaitwa, akaachwa tena, alisimama kwenye mstari wa goli kana kwamba hayo yote yalimpata mtu mwingine. Alipata wapi nguvu hiyo?

Kujiamini kunatoka wapi?

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika kuhusu imani ya mtu kwamba anaweza kufanya jambo fulani. Alisema imani hiyo ina vyanzo vinne. Tunavieleza kwa lugha ya uwanjani.

Cha kwanza ni yale uliyowahi kufanya mwenyewe. Hiki ndicho chenye nguvu kuliko vyote. Kaseja alikuwa na Cairo ya 2003 kichwani mwake, na hakuna shabiki anayeweza kuifuta. Kijana asiye na kumbukumbu kama hiyo hana pa kushika anapoteleza.

Cha pili ni kumwona mtu kama wewe akifanikiwa. Mtoto wa Lituhi akimwona kijana wa kijijini kwao akicheza ligi kuu, anasema: kumbe inawezekana.

Cha tatu ni maneno ya watu, hasa ya mtu unayemheshimu: kocha, nahodha, kaka, mzazi. Maneno peke yake hayamjengi mtu kwa muda mrefu, lakini yanaweza kumbomoa haraka.

Cha nne ni hali ya mwili wako mwenyewe. Moyo unapokwenda mbio na miguu inapolegea, mchezaji mmoja anasema "naogopa", mwingine anasema "niko tayari". Mwili ni ule ule, tafsiri ndiyo inatofautiana.

Ukitazama vyanzo hivyo utaona shabiki anagusa viwili moja kwa moja: maneno, na mapigo ya moyo. Kocha anagusa cha kwanza, kwa sababu ndiye anayempa mchezaji dakika za kufanya jambo na kufanikiwa. Mchezaji anayesugua benchi msimu mzima kisha akaingizwa dakika ya 85 timu ikiwa nyuma hana la kukumbuka isipokuwa benchi.

Penalti inatufundisha nini?

Mwaka 2007 watafiti wa Israel walichapisha uchambuzi wa penalti 286 za ligi kubwa. Waligundua kuwa makipa walibaki katikati ya goli mara chache mno, takriban asilimia 6 tu, ingawa kubaki katikati kulikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuokoa. Maelezo yao ni rahisi: kipa akiruka akafungwa, watu wanasema amejitahidi. Akisimama akafungwa, wanasema amelala.

Maana yake, hata kipa wa kulipwa anachagua kwa kufikiria lawama. Lawama zetu zinafika langoni kabla ya mpira.

Dunia nayo ina mfano wa kurudi. Fainali ya Ulaya ya mwaka 2021, Bukayo Saka wa Uingereza alikosa penalti akiwa na miaka 19, na akatukanwa vibaya yeye na wenzake wawili. Mwaka 2024, robo fainali dhidi ya Uswisi, alikwenda tena kupiga na akafunga. Kocha alikuwa yule yule, Gareth Southgate, aliyekosa penalti yake mwenyewe mwaka 1996.

Na huku kwetu mwambaoni?

Msimu uliopita tulikwenda kutazama mechi ya kombe la mbuzi katika kata moja ya mwambao. Kipa wa timu mwenyeji, kijana wa miaka 17 hivi, aliachia mpira mwepesi ukapita katikati ya mikono. Kelele zilizofuata hatuwezi kuziandika hapa. Baadhi zilitoka kwa watu wazima wanaomjua kwa jina la mama yake. Kipindi cha pili aliomba kutolewa. Tulipopita tena miezi miwili baadaye, kocha wake alituambia kijana hajagusa mpira tangu siku ile. Mbuzi alikwenda kwa timu nyingine, na hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba kata ile ina kipa mmoja pungufu, na hakuna aliyekwenda kumwita.

Taifa Stars wana saikolojia ya timu kubwa, mishahara, na umbali kati yao na jukwaa. Kijana wetu anakutana na aliyemtukana kesho asubuhi kisimani.

Kwa makocha na manahodha wa timu za kata, tunapendekeza haya:

Mwambie mchezaji kwa nini anaanzia benchi, kabla ya kusoma majina mbele ya wote. Dakika mbili pembeni zinatosha.

Mchezaji aliyekosea mrudishe mapema kwenye mechi nyepesi au mazoezi ya kushindana, apate jambo jema la kukumbuka.

Usimbadilishe kipa mara tu baada ya kosa moja, isipokuwa ameumia au mwenyewe ameomba. Na akiomba, mfuate nyumbani wiki hiyo hiyo.

Kwa mashabiki, kubishana kusiishe. Mpira bila ubishi ni kama ugali bila mboga. Hoji uamuzi: kwa nini mfumo huu, kwa nini mabadiliko yamechelewa, kwa nini kijana anayefunga kila wiki hapewi nafasi. Hayo ni maswali halali, na viongozi wa timu wanapaswa kuyajibu. Tofautisha tu kati ya kusema "kapanga vibaya" na kumwambia mtoto wa mtu kwamba hafai.

Jumatatu simu zitakuwa wazi kama kawaida. Lete hoja yako ya kikosi, na ukimtaja mchezaji wa timu ya kijijini kwako, kumbuka naye anasikiliza redio. Na kama wewe ndiye kocha wa yule kipa wa mwambaoni, tungependa kusikia kwamba umepita kwao.