Injini Haitaki Baridi

Hakuna neno linalomnyima raha mwenye gari la zamani kama neno "limechemsha". Gari likichemsha njiani, boneti likishainuliwa na mvuke ukaonekana, kila apitaye hugeuka fundi. Mmoja atasema rejeta imeziba. Mwingine atasema pampu ya maji imekufa. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye anayesikilizwa, atasema: "Toa thamostati, na gari lako halitachemsha tena." Ushauri huu nimeusikia Morogoro, nimeusikia Iringa, na waliousema walikuwa watu wenye akili timamu na mikono hodari. Nataka kueleza hapa ulitoka wapi, kwa nini ulikuwa na maana kwa wakati wake, na kwa nini leo unaharibu injini ambazo zingeweza kuishi miaka mingi zaidi.

Tuanze na jambo lenyewe. Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la moto ule hupita nyuzi 2,000 za Sentigredi. Aluminiamu, ambayo ndiyo hutengenezewa pistoni na mara nyingi silinda hedi, huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa makisio ya jumla, theluthi moja tu ya nguvu iliyomo katika petroli ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi katika ekzosi, na iliyobaki lazima ichukuliwe na maji au na hewa, la sivyo vyuma vitang'ang'aniana. Lakini injini hiyohiyo ikiwa baridi mno, petroli haigeuki mvuke vizuri, na oili huwa nzito. Kwa hiyo tangu mwanzo watengenezaji walikuwa na kazi mbili: kuondoa joto lililozidi, na kulinda joto linalohitajika. Sisi tumeishika ile ya kwanza na kuisahau ya pili.

Gari la Karl Benz, lililosajiliwa Ujerumani mwaka 1886, lilipoozwa kwa njia ya sufuria jikoni: maji yalichemka, yakapotea kwa mvuke, yakaongezwa mengine. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, aliwachukua wanawe wawili wakaliendesha gari hilo kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, na njiani ilibidi wasimame mara kwa mara kutafuta maji. Basi, ndugu msomaji, ukimwona utingo akikimbilia mtoni na dumu mkononi, usimcheke. Safari ya kwanza ndefu ya gari duniani ilikwenda vivyo hivyo.

Aliyepunguza taabu hiyo ni Wilhelm Maybach. Katika gari la Mercedes lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900, alitengeneza rejeta iliyofanana na sega la nyuki, yenye vijibomba 8,070, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6. Hewa ilipita ndani ya vijibomba na maji yakapita katikati yake. Kwa kuwa maji yalitandazwa kwenye eneo kubwa hivyo, lita 9 tu zilitosha. Rejeta tulizo nazo leo ni wajukuu wa ile.

Hata hivyo, gari lililowafundisha watu wengi kuendesha, yaani Ford Model T, lililoundwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927 na kufikia zaidi ya milioni 15, kwa sehemu kubwa halikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe hadi juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka na kurudi katika injini. Mpango huo ulikuwa na sharti moja: maji yakipungua chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko wote unasimama. Dereva alipaswa kujua kiasi cha maji yake kama mchungaji anavyojua idadi ya mbuzi wake. Ndiyo maana kifaa cha Boyce cha mwaka 1912, kipimajoto kilichokaa juu ya kifuniko cha rejeta mbele ya macho ya dereva, kilipendwa sana. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona joto likipanda kabla ya mvuke kumwambia.

Baadaye vikaja vitu vitatu: pampu ya maji inayozungushwa na mkanda wa feni, kifuniko kinachobana shinikizo, na thamostati. Thamostati ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani tu ili injini ipate joto upesi. Yakifika nyuzi 80 na kitu, nta iliyomo ndani yake inavimba, mlango unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta. Kwa maneno mengine, kifaa hiki kimewekwa ili injini isiwe baridi.

Sasa tuje kwetu. Afrika Mashariki iliyapa magari hayo mtihani ambao wengi waliokuwa Ulaya hawakuufikiria. Kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka mapema kwa takriban nyuzi 1. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, penye mita zipatazo 1,700, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Iringa mjini ni kama nyuzi 95. Kwa hiyo gari lililobeba mzigo kutoka pwani lilikuwa likifanya kazi ngumu zaidi palepale ambapo maji yake yalikuwa mepesi zaidi kuchemka. Madereva wa zamani walining'iniza mbele ya gari mifuko ya turubai iliyojaa maji, wakapanda milima kwa gia ndogo, nao walikuwa sahihi: gia ndogo huifanya injini izunguke upesi, na pampu na feni huzunguka pamoja nayo.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakawa darasa la wazi. Volkswagen, gari lisilo na rejeta wala tone la maji, lilishinda mwaka 1954 na tena 1957. Lilipozwa kwa hewa ya feni na kwa oili yake, hivyo halikuwa na cha kuchemka. Lakini nalo lilikuwa na sharti lake. Mkanda mmoja ulizungusha feni na dainamo, na taa nyekundu ya chaji ikiwaka, dereva mjuzi alisimama papo hapo, kwa sababu mkanda ukikatika hewa nayo imekatika.

Kisha likaja Peugeot 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alilishindia mashindano hayo mwaka 1966 na 1967 akiwa na Chris Rothwell. Jambo ambalo wachache hulikumbuka ni kwamba feni ya 404 haikuzunguka wakati wote. Ilikuwa na sumaku ya umeme iliyoikamata pale tu maji yalipopata joto la kutosha, na kuiachia yalipopoa. Gari lililosifiwa kwa kuvumilia jua letu liliundwa na watu waliojali kutolipoza kupita kiasi!

Je, desturi ya kutoa thamostati ilitoka wapi basi? Kwa maoni yangu ilizaliwa na dhiki. Rhodesia ilipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kuleta petroli yake kupitia Dar es Salaam, na malori yakapita kwa wingi katika barabara ya vumbi ya Morogoro, Iringa na Tunduma, yakipanda Kitonga yakiwa yamesheheni. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, barabara ya lami na reli ya TAZARA vikafuata. Malori na magari ya wakati huo yakabaki nasi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, Vita vya Kagera vikafuata, bei ya mafuta ikapanda mwaka 1979, na pesa za kigeni zikaadimika. Katika miaka hiyo kupata thamostati mpya ilikuwa bahati. Watu walitia maji ya mtoni au ya kisima, kutu na chokaa vikakusanyika, thamostati ikashika kutu ikiwa imefungwa, gari likachemsha. Fundi asiye na kipuri afanye nini? Aliitoa, na gari likafika nyumbani. Mimi simlaumu hata kidogo. Aliokoa mali ya watu.

Tatizo ni kwamba dhiki ilipita, dawa yake ikageuzwa kuwa elimu. Kijana aliyemwona mwalimu wake akitoa thamostati iliyokufa alianza kutoa na zilizo nzima. Matokeo yake huonekana polepole. Injini inayokwenda baridi hula petroli nyingi, petroli isiyowaka huteremka na kuchanganyika na oili, na silinda zinalika kabla ya wakati wake. Tena katika injini za aina fulani, thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji hurudi katika injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha mlimani kuliko zamani! Silinda hedi ya aluminiamu ikishapinda, gharama yake kwa mwenye teksi ni ada ya watoto ya mwaka mzima.

Mwenye gari la zamani afanye nini? Ajaze maji asubuhi injini ikiwa baridi, na ayachanganye na dawa ya kuzuia kutu. Aangalie mkanda na mipira ya maji, asafishe rejeta, na abadilishe kifuniko kilicholegea. Kifuniko kinachobana shinikizo la ziada la angahewa moja hufanya maji yasichemke hadi karibu na nyuzi 120, na ndiyo sababu kukifungua injini ikiwa ya moto ni hatari: shinikizo likitoka ghafla, maji yale hugeuka mvuke mara moja na kumuunguza mtu uso. Mshale ukianza kupanda, apunguze mwendo na afungue hita ya gari, maana nayo ni rejeta ndogo. Ukizidi kupanda, asimame, asubiri, wala asimwage maji ya baridi kwenye chuma cha moto, kwani kitapasuka. Thamostati ikiwa imekufa, aitoe ili afike nyumbani. Na akifika, anunue nyingine airudishe mahali pake.