Waya wa Fedha

Mwaka wa 1884, katika chuo cha udaktari cha Jefferson mjini Philadelphia, Marekani, mwanamke mmoja alilazwa mezani akanusishwa klorofomu mpaka akapoteza fahamu. Kando ya meza walisimama wanafunzi sita na profesa wao, William Pancoast. Profesa alichukua bomba la mpira lenye shahawa za mmoja wa wanafunzi wale (walimchagua mtanashati kuliko wenzake, ndivyo kisa kinavyosimuliwa) akazitia ndani ya mwili wa yule mama. Akashika mimba, akazaa mtoto wa kiume. Hakuwahi kuambiwa ilivyokuwa.

Mumewe, mfanyabiashara mwenye mali zake, aliambiwa baadaye. Akafurahi, akaomba jambo moja tu: mke wangu asijue. Siri ilikaa miaka 25, hadi Addison Davis Hard, mmoja wa waliokuwa chumbani siku ile, alipoiandika katika jarida la madaktari mwaka wa 1909.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama mwanzo wa mimba za mbegu za wafadhili, na ni sawa. Mimi anayenikaa kichwani ni mume. Tatizo lilikuwa lake bwana! Madaktari walimpima mke wiki baada ya wiki, wasione kasoro. Ndipo mtu akapata wazo la kuweka shahawa za mume chini ya hadubini. Mbegu hakuna, hata moja. Kumbe ujanani aliwahi kuugua kisonono, na Pancoast akakata shauri kwamba ugonjwa ule ulikuwa umeziba njia. Walimtibu miezi miwili, wapi. Kwa hiyo aliyeishia kulala mezani akawa mke.

Njia yenyewe ndiyo hii. Mbegu hutengenezwa ndani ya korodani, lakini zikitoka humo bado hazijui kuogelea. Zinaingia kwenye epididimisi, mrija mmoja mwembamba uliojikunja, ukajikunja tena, nyuma ya korodani. Ukiweza kuunyoosha utafika karibu mita 6, na upana wake ni sehemu tu ya milimita. Mbegu zinasafiri humo siku kadhaa zikikomaa, kisha zinapanda mrija mwingine mgumu zaidi, vasi, kuelekea nje. Kisonono kikipanda hadi epididimisi kinaacha kovu. Kwa kuwa mrija ni mmoja tu, kovu dogo linatosha kuufunga, na pande zote mbili zikifungwa, basi. Korodani haina habari. Inaendelea kutengeneza mbegu kwa mamilioni kila siku, zinafika kwenye kovu zinafia hapo.

Na mwenyewe hahisi kitu. Hamu ipo, nguvu zipo, majimaji yanatoka kama kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya shahawa hutoka kwenye tezi zilizo mbele ya kizuizi. Mwanamume anayejiweza kitandani atakuaminije ukimwambia kwamba ni yeye? Hata lugha inamkingia kifua. Neno tasa tunamtupia mke bila kupima chochote, na mama mkwe hahitaji maabara.

Ishara zilikuwepo mapema. Mwaka wa 1872 daktari Emil Noeggerath, Mjerumani aliyefanya kazi New York, aliandika kwamba wanaume waliodhani wamepona kisonono huwaambukiza wake zao na kuwaacha bila uzazi. Wenzake walimpokea kwa baridi kali. Nani alitaka kusikia kwamba waume waheshimiwa wa mjini ndio chanzo? Miaka 7 baadaye Albert Neisser akakiona kijidudu chenyewe.

Turudi Philadelphia, mji uleule, mwaka wa 1902. Edward Martin, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, anachapisha pamoja na wenzake taarifa ya operesheni ambayo haikuwa imezoeleka kabisa. Wazo lake ni la fundi bomba: kama bomba limeziba, lipitie kando. Alipasua epididimisi upande wa nyuma ya kovu, akakata mikunjo kadhaa ya ule mrija kwa mpigo mmoja, akatoboa vasi ubavuni, akavishona viwili hivyo midomo ikitazamana. Hakuwa na hadubini ya kupasulia, kwa hiyo hakuweza kuuona mrija wenyewe vizuri. Alichoweza ni kutumaini kwamba mbegu zitajitafutia njia kwenye tundu lile. Alishonea waya mwembamba wa fedha, fedha ile ya vito. Mgonjwa, aliyezibwa na kisonono kama yule mfanyabiashara, akaanza kutoa mbegu, na mtoto akapatikana. Safari hii aliyepasuliwa alikuwa mume.

Huo waya una historia ambayo siwezi kuipita hivihivi. Mwaka wa 1849, huko Montgomery, Alabama, J. Marion Sims alifaulu kuziba fistula ya mwanamke kwa waya wa fedha, na jina lake likavuma duniani. Alifika hapo kwa kujifunzia kwenye miili ya wanawake watumwa, bila ganzi. Majina tuliyoachiwa ni Anarcha, Lucy na Betsey. Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30 hivi. Sisemi Martin alimwiga Sims. Ninachosema ni kwamba kabla waya wa fedha haujafika kwenye korodani ya mume ulikuwa umeshapita kwa wanawake waliokuwa hawana ruhusa ya kukataa.

Baada ya Martin mambo yalikwenda taratibu. Francis Hagner wa Washington alifanya operesheni hiyo kwa miaka, na mwaka wa 1936 akatoa matokeo mazuri kiasi kwamba wengi waliomfuata hawakuyafikia. Kila kitu kilitegemea tundu la kubahatisha.

Kilichobadilisha mchezo ni hadubini ya chumba cha upasuaji, na wateja wapya. Kufikia miaka ya 1970 wanaume wengi Marekani walikuwa wamekata mirija kwa hiari, yaani vasektomi, kisha wakaachana na wake zao, wakaoa tena, wakataka watoto. Sherman Silber wa St. Louis na Earl Owen wa Sydney walianza kuunganisha vasi chini ya hadubini, kwa uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele. Silber akagundua kwamba kwa wengine kuunganisha vasi peke yake hakusaidii: presha ya miaka mingi nyuma ya kizuizi ilikuwa imepasua epididimisi na kuleta kovu la pili. Mwaka wa 1978 akaeleza namna ya kuutafuta mkunjo mmoja tu wa ule mrija na kuushona kwenye vasi, mdomo kwa mdomo. Kile ambacho Martin alikikata kwa kubahatisha, yeye alikishona akikiona. Mwaka wa 1998 Richard Berger wa Seattle akaleta mshono unaouvuta mrija uingie ndani ya vasi, na wapasuaji wakaendelea kuurahisisha.

Halafu ikaja Brussels. Mwaka wa 1992 Gianpiero Palermo na wenzake walitangaza mimba zilizotokana na mbegu moja kudungwa moja kwa moja ndani ya yai. Ghafla kizuizi kikawa si kitu: mchomoe mume mbegu chache kwa sindano, mengine yafanyike maabara. Silber mwenyewe, fundi wa kushona, alishirikiana na kundi hilo la Brussels. Ni maendeleo makubwa, na kwa mwanamume asiye na mrija wa kuunganisha hakuna njia nyingine ya kupata mtoto wa damu yake. Lakini tazama nani amerudi mezani. Mke mzima, asiye na kasoro, anadungwa homoni siku baada ya siku, kisha analazwa, sindano inapitishwa hadi kwenye ovari kutoa mayai. Tofauti na 1884 ni kwamba huyu ameulizwa, na hiyo si tofauti ndogo. Watoto wa kwanza wa maabara nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006. Mpaka leo jaribio moja ni laki kadhaa, na likishindikana unaanza upya.

Upasuaji nao una masharti yake. Mpasuaji hajui atashona wapi mpaka afungue, aguse tone la majimaji na kioo, alitazame palepale kama lina mbegu. Wengi hugandisha mbegu kidogo siku hiyohiyo, endapo mshono utajifunga. Mrija uliounganishwa unaweza kuchukua miezi 6, hata mwaka, kabla mbegu ya kwanza haijatokea. Katika muda huo wote, kila baada ya miezi michache, mume ndiye anayepanga foleni maabara na kikopo chake mkononi.